Databesi ya kwenye kompyuta yako imegoma kuunganika? Pita hatua hizi kabla hujafuta kitu

Swali hili nimeshalijibu mara nyingi mpaka nimeona bora niliandike lote sehemu moja. Mtu anakuja na picha ya skrini imekatwa nusu, eroo inaonekana maneno manne tu, alafu anasema "nimeshafuta nikainstoli upya mara tatu bado haikubali". Sasa ukimuuliza eroo ilikuwa inasema nini mwanzoni, hakumbuki. Na kwa kuinstoli upya mara tatu ameshaongeza matatizo mengine mawili juu ya lile la kwanza.

Mifano mingi hapa ni ya MySQL na MariaDB (ukiwa na XAMPP, ile pakiti inayokuwekea Apache, PHP na databesi kwa pamoja, unatumia MariaDB hata kama kitufe kimeandikwa MySQL). Wa PostgreSQL nimewawekea sehemu yao huko chini, ila hata wao wapitie kuanzia juu maana mpangilio ni uleule.

## Vitu vya kuwa navyo

- Eroo yenyewe, nzima, imekopiwa kama maandishi. Namba zilizo kwenye mabano usiziache, zina kazi.
- Terminali, na uwezo wa kuifungua kama admini (Windows) au kutumia `sudo` (Linux na Mac).
- Programu ya `mysql` ya kwenye terminali. Kwenye XAMPP ya Windows iko `C:\xampp\mysql\bin`.
- Faili la mipangilio la mradi wako, iwe ni `.env` au `config.php` au lolote unaloandika jina la databesi na paswedi.
- Nafasi ya kutosha kwenye diski au flashi ya kuwekea nakala ya folda la data.

Andika pembeni vitu vitano jinsi vilivyo kwenye mradi wako: hosti (anwani ya kompyuta yenye databesi), poti (namba ya mlango wa kuingilia), jina la yuza, paswedi, jina la databesi. Andika kwa kuangalia faili, usiandike kwa kukumbuka. Kuna watu wamemaliza tatizo lao hapa hapa, walikuwa wameandika `loclhost`.

## Hatua ya 1: Isome eroo, itakwambia umefia wapi

Kuunganika na databesi ni kama kupiga hodi. Nyumba inaweza isiwe na mtu, unaweza ukawa mlango wa jirani, unaweza kufunguliwa ukaambiwa hatukujui, au ukaingia ndani ukakuta chumba unachokitafuta hakipo. Kila moja ina eroo yake na dawa ya moja haitibu nyingine. Kubadilisha paswedi wakati seva (ile programu ya databesi inayokusubiri ubishe hodi) imezimwa ni kupoteza usiku bure.

2002 au 2003 (`Can't connect to...`): hujafika kabisa kwenye seva. Angalia namba ya mwisho kwenye mabano. `111` kwenye Linux, `61` kwenye Mac na `10061` kwenye Windows ni kitu kimoja, umebisha na hapo hakuna anayesikiliza. `110` au `10060` ni umesubiri mpaka muda ukaisha, hiyo mara nyingi ni fayawoli au anwani ya IP isiyo sahihi. `2` ikija pamoja na njia ya faili la `.sock` maana yake faili la soketi (njia ya programu za kompyuta moja kuongea bila kupita mtandaoni) halipo pale ulipolitafuta, na `13` maana yake lipo ila huna ruhusa.

1045 au 1698 (`Access denied`): hongera, seva iko hai na umefika. Tatizo ni jina, paswedi au njia ya kujitambulisha. Ruka moja kwa moja mpaka hatua ya 6.

1049 (`Unknown database`): umeingia, ila databesi ya jina hilo haipo. Andika `SHOW DATABASES;` ulinganishe herufi kwa herufi, na kumbuka kwenye Linux `Duka` na `duka` ni vitu viwili.

1040 (`Too many connections`): seva imejaa. Kiwango cha kawaida cha MySQL ni miunganisho 151, na kwenye kompyuta yako peke yako ukiifikisha hiyo ujue kuna sehemu kwenye mradi inafungua muunganisho kila saa bila kuufunga. Dawa iko kwenye mradi, usikimbilie kuongeza namba.

`could not find driver`: hii ya PHP, imekosa dereva (kiunganishi chake na databesi), hujatoka hata nyumbani kwako. Nenda hatua ya 7.

## Hatua ya 2: Hakikisha seva inawaka kweli

Linux: `sudo systemctl status mysql` (kama ni MariaDB weka `mariadb`). Unataka kuona `active (running)`.

Mac uliyoinstoli kwa Homebrew: `brew services list`, na mbele ya mysql iandikwe `started`.

Windows: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `services.msc`, tafuta jina linaloanza na MySQL au MariaDB, iwe `Running`. Wa XAMPP angalia paneli, ila usiiamini haraka, ile rangi ya kijani inaweza kuwaka sekunde tatu alafu ikazima. Hesabu mpaka kumi. Au uliza kompyuta yenyewe: `tasklist | findstr mysqld` (`mysqld` ndo jina la seva yenyewe). Isipoleta mstari wowote, hakuna seva.

Ikiwa imezimwa, iwashe (`sudo systemctl start mysql`, au kitufe cha Start) ujaribu tena kuunganika. Ikikubali, tatizo lilikuwa haijiwashi yenyewe kompyuta ikiwaka, kwa Linux `sudo systemctl enable mysql` inamaliza kazi, kwa Windows badilisha servisi iwe `Automatic`. Ikikataa kuwaka endelea chini.

## Hatua ya 3: Imekataa kuwaka, basi soma logi

Hapa ndo wengi wanapoanza kufuta vitu. Tulia. Seva ikifa inaandika sababu ya kifo chake kabla ya kufa, kazi yako ni kwenda kuisoma.

- XAMPP: `C:\xampp\mysql\data\mysql_error.log`
- Ubuntu na Debian: `/var/log/mysql/error.log`, au `sudo journalctl -u mysql -n 50`
- Ukikosa zote, ndani ya folda la data tafuta faili linaloishia na `.err`

Nenda mwisho wa faili, kisha panda juu taratibu mpaka ukutane na neno `[ERROR]` la kwanza la saa ile uliyojaribu kuwasha. La kwanza, sio la mwisho. La mwisho huwa linasema tu `Aborting`, halina msaada.

Utakayokutana nayo sana:

`Address already in use` au swali la `Do you already have another mysqld server running on port: 3306 ?` ni ugomvi wa poti, hatua ya 4.

`No space left on device` ni diski imejaa. `df -h` itakuonyesha. Hii inadanganya sana maana jana kila kitu kilikuwa sawa na hujagusa chochote, kumbe logi au video ulizoshusha zimemaliza nafasi.

`unknown variable` ni wewe, umeandika kitu kibaya kwenye `my.ini` au `my.cnf`. Jina la kitu chenyewe liko mbele ya neno hilo.

`Permission denied` ni umiliki wa folda, mara nyingi baada ya kuhamisha data kwa mkono. Kwenye Linux folda la data linatakiwa liwe la yuza `mysql`.

Alafu kuna ile ya XAMPP, `MySQL shutdown unexpectedly`, ambayo kwenye logi inafuatana na malalamiko ya InnoDB (sehemu ya MySQL inayohifadhi data ya meza) au ya meza za mfumo zilizoharibika, kawaida baada ya umeme kukatika au kompyuta kuzimwa kwa nguvu.

ONYO. Utakutana na watu wanakwambia futa `ibdata1` itawaka. Itawaka kweli, na data yako haipo. Faili hilo ndo daftari la InnoDB. Ukibaki na mafolda ya databesi bila hilo utaona majina ya meza yote yamepangwa vizuri, ukifungua meza moja unapata 1932, `doesn't exist in engine`. Nimeshamwona mtu anashangilia seva imewaka, dakika mbili baadaye kanyamaza.

Kwa XAMPP fanya hivi:

1. Zima MySQL kwenye paneli.
2. Kopi folda lote la `C:\xampp\mysql\data` ukaliweke nje ya XAMPP kabisa. Hii usiruke hata kama una haraka.
3. Badilisha jina la `data` liwe `data_zamani`.
4. Kopi folda la `backup` lililo hapohapo, hiyo kopi uipe jina `data`.
5. Kutoka `data_zamani` chukua mafolda ya databesi zako mwenyewe tu, weka ndani ya `data`. Usichukue `mysql`, `performance_schema` wala `phpmyadmin`.
6. Chukua na `ibdata1` ya zamani uiweke juu ya ile mpya.
7. Washa.

Ikifanikiwa, meza zinafunguka na data inaonekana. Yuza na paswedi ulizotengeneza zitakuwa zimerudi mwanzo, yaani `root` bila paswedi, kwa hiyo 1045 ikikutokea hapo usishtuke. Na ukishafungua tu, toa nakala ya `.sql` kwa `mysqldump` siku hiyohiyo, maana hii njia ni ya kuokoa tu na faili zilizoharibika zenyewe hazijapona.

## Hatua ya 4: Nani amekaa kwenye poti?

MySQL na MariaDB husikiliza poti 3306, PostgreSQL 5432. Poti moja inakaliwa na programu moja tu kwa anwani moja, ya pili ikija inakufa.

Windows:

`netstat -ano | findstr :3306`

Linux:

`sudo ss -ltnp | grep 3306`

Mac:

`sudo lsof -nP -iTCP:3306 -sTCP:LISTEN`

Nikupe yangu. XAMPP iligoma, nikaandika hiyo amri ya Windows ikaleta mstari wenye `LISTENING` na mwishoni namba 4312. Hiyo ya mwisho ndo PID, namba ya programu inayoendeshwa. Nikaandika `tasklist /FI "PID eq 4312"` ikajibu `mysqld.exe`. Nikajua basi XAMPP inawaka, mbona paneli inasema imezimwa? Nikahangaika nusu saa nzima. Kumbe ile `mysqld.exe` haikuwa ya XAMPP, ilikuwa MySQL nyingine niliyoiinstoli zamani kwa ajili ya mafunzo nikaisahau, inajiwasha yenyewe kama servisi ya Windows kila kompyuta ikiwaka. Zinafanana jina, ndo maana zinapoteza watu.

Ubaya zaidi ni kwamba unaweza ukaunganika vizuri tu na ile isiyo yako, alafu ukaanza kulia meza zimepotea. Ukiwa na wasiwasi, ukishaingia uliza:

`SELECT @@port, @@datadir, @@version;`

`datadir` ikisema folda usilolitegemea, uko nyumba ya jirani.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuzima usiyoihitaji kwenye `services.msc` na kuiweka `Manual`. Mi napenda hii, poti moja seva moja, akili inatulia. Ya pili, kama unazihitaji zote, hamisha moja iende 3307. Fungua `my.ini`, badilisha `port` kwenye sehemu ya `[client]` na kwenye `[mysqld]`, zote mbili, alafu phpMyAdmin nayo iambiwe kwenye `config.inc.php`:

`$cfg['Servers'][$i]['port'] = '3307';`

na mradi wako nao ubadilishe poti. Ukisahau sehemu moja tu kati ya hizo, unarudi pale pale kwenye 2002.

Umefaulu ukiendesha tena amri ya kuangalia poti ukaona PID unayoijua, na `datadir` ni ya kwako.

## Hatua ya 5: `localhost` na `127.0.0.1` sio kitu kimoja

Hii ndo inayowachanganya hata wazoefu. Kwenye Linux na Mac, ukimwambia MySQL `localhost` hapiti kwenye mtandao kabisa, anatafuta faili la soketi, mfano `/var/run/mysqld/mysqld.sock`. Ukimwambia `127.0.0.1` ndo anapita kwenye poti. Ndo maana mtu anaandika `mysql -h localhost -P 3307` na MySQL inaidharau hiyo 3307, inaenda zake kwenye soketi, unaishia kwenye seva nyingine.

Jaribu zote mbili:

`mysql -h 127.0.0.1 -P 3306 -u root -p`

`mysql -h localhost -u root -p`

Ya kwanza ikikubali na ya pili ikakataa kwa 2002, njia ya soketi haifanani. Ingia kwa ile inayokubali, andika `SHOW VARIABLES LIKE 'socket';` uone lilipo, au fanya rahisi, weka `127.0.0.1` kwenye mradi uendelee na maisha. Ya pili ikikubali na ya kwanza ikakataa, angalia kama kwenye mipangilio kuna `skip-networking` (inazima njia ya poti) au `bind-address` (anwani seva inayosikiliza) ya ajabu.

Wa Node (JavaScript ya nje ya brauza) nao wana yao. Kuanzia Node 17, ya 2021, jina `localhost` linaweza kutafsiriwa kuwa `::1`, ile anwani ya IPv6, wakati seva yako inasikiliza `127.0.0.1` peke yake. Eroo inakuja `ECONNREFUSED ::1:3306`. Ukiona hizo nukta mbilimbili, andika `127.0.0.1` na imeisha.

Na wa Docker, mnaoendesha programu ndani ya makasha yaliyotengwa yanayoitwa kontena, sikilizeni vizuri: ndani ya kontena, `localhost` ni kontena lenyewe. Sio kompyuta yako. Kama programu yako iko kwenye kontena moja na databesi kwenye jingine ndani ya Compose (ile ya kuwasha kontena kadhaa kwa pamoja), hosti ni jina la servisi ulilolipa, mfano `db`, na poti ni ya ndani yaani 3306 hata kama nje umeandika `3307:3306`. Ila kama programu iko nje, kwenye kompyuta yenyewe, ndo unatumia `127.0.0.1` na 3307. `docker ps` itakuonyesha poti gani imeelekezwa wapi, na kama safu hiyo haina mshale basi hukuifungua poti kwenda nje.

## Hatua ya 6: Umefika mlangoni, umekataliwa

Soma mwisho wa 1045. `using password: NO` maana yake programu haikutuma paswedi yoyote, kwa hiyo tatizo ni faili la mipangilio halisomwi au umeacha wazi. `using password: YES` maana yake imetuma ila haikukubalika, au yuza huyo hayupo kwa hosti hiyo.

Kwa MySQL, `'duka'@'localhost'` na `'duka'@'%'` ni watu wawili wanaofanana jina, kila mmoja na paswedi yake. Waangalie:

`SELECT user, host, plugin FROM mysql.user;`

Kitu kidogo kinachotesa watu: paswedi yenye alama ya `#` kwenye `.env`. Ukiandika `DB_PASSWORD=kiti#88` bila kuizungushia alama za kunukuu, wasomaji wengi wa `.env` wanaona `#` kama mwanzo wa maelezo, wanatuma `kiti` peke yake. Weka `"kiti#88"`.

Ukikutana na 1698 kwenye Ubuntu, `root` pale anatambulika kwa yuza wa mfumo, haulizwi paswedi. Ingia kwa `sudo mysql` na usimbadilishe, tengeneza yuza wa mradi:

`CREATE USER 'duka'@'localhost' IDENTIFIED BY 'paswedi_yako';`

`GRANT ALL PRIVILEGES ON duka.* TO 'duka'@'localhost';`

Ukiona malalamiko yenye neno `caching_sha2_password`, dereva ya mradi wako imezeeka. MySQL 8.0 ndo ilianza kuitumia hiyo kama kawaida yake, na ushauri wa zamani wa kurudisha `mysql_native_password` sa hivi unakwama, maana 8.4 imeizima na 9.0 imeiondoa kabisa. Sasisha dereva.

Umesahau paswedi ya root kabisa? Zima seva, andika faili la maandishi lenye mstari mmoja wa `ALTER USER 'root'@'localhost' IDENTIFIED BY '...';`, washa `mysqld` kwa mkono ukiipa `--init-file` na njia ya faili hilo. Ikishakubali, izime, iwashe kama kawaida, na ulifute lile faili, lina paswedi yako wazi.

## Hatua ya 7: Terminali inakubali, mradi unakataa

Basi seva haina kosa, iache. Jiulize mradi unasoma faili gani. Laravel (fremuwéki ya PHP) ikiwa imehifadhi mipangilio, unaweza kuhariri `.env` mpaka kesho isione kitu, `php artisan config:clear` kwanza, na `php artisan serve` uizime uiwashe.

Kwa `could not find driver`, fungua `php.ini`, ondoa nukta-mkato (`;`) iliyo mwanzoni mwa mstari wa `extension=pdo_mysql`, ristati Apache. Ila hakikisha ni `php.ini` sahihi. PHP ya terminali na ya brauza zinaweza kuwa mbili tofauti. `php --ini` inakuonyesha ya terminali, ukurasa wa `phpinfo()` unakuonyesha ya brauza.

## Wa PostgreSQL kwa kifupi

`Connection refused` ni hatua ya 2 mpaka ya 4, ila kwa poti 5432. Ukiwa na matoleo mawili, la pili mara nyingi limejipeleka 5433, na kwenye Debian na Ubuntu `pg_lsclusters` inakuonyesha yote na poti zake.

`Peer authentication failed` ni ndugu yake 1698. Ingia kwa `sudo -u postgres psql`, au unganika kwa `-h 127.0.0.1` ili uulizwe paswedi. Kanuni za nani anaingiaje ziko kwenye `pg_hba.conf`, na `SHOW hba_file;` inakwambia lilipo. Mstari wa kwanza unaolingana ndo unaotumika, kwa hiyo kuongeza wako chini kabisa kunaweza kusisaidie kitu. Ukibadilisha, andika `SELECT pg_reload_conf();`. Ukiweka `trust` ili ubadilishe paswedi, irudishe ilivyokuwa kabla hujafunga faili, maana `trust` ni kumruhusu yeyote bila paswedi.

## Jaribio la mwisho

Zima kompyuta, iwashe, usiguse kitu, fungua mradi. Ukifunguka, umemaliza.

Usipofunguka na ukahitaji kumuuliza mtu, mpe hivi: eroo nzima, majibu ya amri ya poti, matokeo ya kuunganika kwa `127.0.0.1` kwenye terminali, na mistari kama ishirini ya mwisho ya logi. Paswedi ifiche.